Uimara wa injini ya bodaboda

Uimara wa injini ya bodaboda ni kiwango cha nguvu ambacho pistoni, ringi, konrodi, krenki na klachi za kiwandani huhimili bila kuharibika. Jambo hili ni muhimu Manzese, Dar es Salaam, ambako pikipiki hushinda kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, mara nyingi zikiwa na mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja.

Bajaj Boxer BM150, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 144.8 na kupozwa kwa hewa, hutoa takriban nguvu farasi 12 kwenye mizunguko 7,500 kwa dakika. Mizunguko ikifika 9,000, yaani ongezeko la asilimia 20, mkazo unaovuta konrodi huongezeka kwa asilimia 44, kwa kuwa hukua kwa mraba wa mizunguko.

Kuongeza nguvu kwa kuchonga bloku ili kuweka pistoni kubwa hupunguza unene wa ukuta wa silinda na kuongeza joto. Dalili za kuzidi kiwango hicho ni hizi: klachi ikizidiwa huteleza. Ringi zikilika, moshi wa bluu hutoka. Beringi ya konrodi ikilegea, injini hugonga. Anayehitaji mvuto wa mlimani aweke sproketi kubwa zaidi ya nyuma: mvuto huongezeka, injini haiguswi, ila kasi ya juu hupungua.