Mchujo, uteuzi, kura za maoni: jinsi chama kinavyompata kandida wake

Katika Kifaransa cha siasa za Kongo kuna neno primaire. Maana yake ni uchaguzi unaofanyika ndani ya chama, au kati ya vyama vilivyoungana, kabla ya uchaguzi wa taifa, ili apatikane mtu mmoja wa kugombea urais kwa jina la wote. Neno hilo linazungumzwa sana Kinshasa kila uchaguzi unapokaribia. Likifika Hombo, kwenye mto unaotenga Walikale ya Kivu Kaskazini na Kalehe ya Kivu Kusini, halina neno la Kiswahili ambalo wote wamekubaliana nalo. Watu husema tu kwamba chama kimeshamweka kandida wake. Nani alimweka, wapi, na kwa kura ya nani, hayo hayamo katika sentensi.

Si kwamba Kiswahili kimepungukiwa. Kina maneno matatu ya jambo hili, na kila moja limebeba desturi ya siasa ya mahali lilipokulia.

La kwanza ni mchujo, ambalo Kenya imelizoea kuliko nchi nyingine. Kuchuja tunakujua wote, hata kwa mawese yanayopita kwenye chujio na makapi kubaki juu. Neno linasema vizuri kwamba wengi huingia na mmoja hutoka. Halisemi nani ameshika chujio. Ndiyo maana sheria ya vyama ya Kenya, ilipofanyiwa marekebisho mwanzoni mwa 2022, ililazimika kutenga njia mbili: ile ya moja kwa moja, ambapo kila mwanachama aliyeandikishwa anapiga kura, na ile isiyo ya moja kwa moja, ambapo wajumbe wanapiga kura kwa niaba ya wengine. Kwa urais, vyama vikubwa vya Kenya vimependa njia ya wajumbe. Septemba 2007, pale Kasarani, wajumbe wa chama cha ODM ndio waliompa Raila Odinga tiketi ya urais mbele ya Musalia Mudavadi na William Ruto. Ulikuwa ushindani wa kweli, wenye kura zilizohesabiwa, lakini mwanachama wa kawaida wa Kisumu au Mombasa hakuwa na karatasi ya kura mkononi.

La pili ni kura za maoni, neno la Tanzania. Lina hatari yake, kwa sababu kura ya maoni, kwa umoja, ni jambo jingine kabisa: ni ile kura ambayo taifa zima huulizwa ndiyo au hapana, kama Zanzibar Julai 2010 juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, au kama sisi Wakongo Desemba 2005 tulipoulizwa juu ya katiba. Umoja na wingi pekee haviwezi kubeba tofauti kubwa namna hiyo. Lakini nalisifu neno hili kwa ukweli wake. Katika CCM, chama tawala cha Tanzania, kura za kumtafuta mgombea ubunge ni maoni kweli: wanaopiga kura wanatoa rai yao, kisha vikao vya juu vinaamua. Mwaka 2020 vikao hivyo viliwaacha washindi kadhaa wa kura za maoni na kuwachukua watu waliokuwa nyuma yao. Aliyekasirika alikuwa na haki ya kukasirika, lakini hawezi kusema kwamba jina la kura lilimdanganya.

Kwa urais CCM haitumii kura za maoni za wanachama. Mwaka 2015, watu zaidi ya arobaini walichukua fomu. Kamati Kuu ilibakisha watano: John Magufuli, Amina Salum Ali, Asha-Rose Migiro, Bernard Membe na January Makamba. Halmashauri Kuu ikabakisha watatu, na Mkutano Mkuu wa Dodoma ukamchagua Magufuli mwezi Julai. Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyekuwa na wafuasi wengi, aliachwa katika hatua ya kwanza kabisa, penye watu wachache zaidi. Mwezi huohuo akahamia chama cha upinzani cha Chadema, na Oktoba, akigombea kwa muungano wa Ukawa, akapata karibu asilimia 40 ya kura za nchi. Basi katika mfumo wa ngazi, anayechuja kwanza ana nguvu kuliko anayechagua mwisho. Mkutano Mkuu una maelfu ya wajumbe na shangwe kubwa, lakini huchagua miongoni mwa majina uliyopewa.

La tatu ni uteuzi. Kuteua ni kazi ya mtu mwenye mamlaka: rais humteua waziri, askofu humteua paroko. Agosti 8, 2018, Rais Joseph Kabila alipomteua Emmanuel Ramazani Shadary kuwa kandida wa muungano wake, uteuzi lilikuwa neno sahihi kabisa. Kosa ni kulitumia hata pale watu walipopiga kura, kwa sababu hapo linazifuta kura zao na kumpa mkubwa sifa ambayo si yake. Tena mteule lina kazi nyingine tayari: rais mteule ni yule aliyekwisha kushinda na anangoja kuapishwa. Kwa hiyo sipendekezi kumwita kandida wa chama mteule. Watanzania wana hatua nzuri hapa: anayejitokeza ndani ya chama ni mtia nia, na aliyepitishwa ni mgombea. Kwetu kandida ni yule wa kwanza na yule wa pili, na neno moja likifunika hatua mbili, hatua ya kati haionekani.

Hatua hiyo ya kati, katika Kongo, ina uzito kuliko kwa majirani, na sababu imo katika katiba. Mwaka 2006 rais alipaswa kupata zaidi ya nusu ya kura. Kabila na Jean-Pierre Bemba walirudi mbele ya wapiga kura katika duru ya pili, Oktoba 29. Januari 2011 katiba ilibadilishwa: duru moja tu, na anayeongoza ameshinda, hata akiwa chini ya nusu. Mwisho wa mwaka huohuo Kabila alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 49, huku Étienne Tshisekedi akipewa 32 na Vital Kamerhe karibu 8. Duru ya kwanza ilikuwa mchujo wa taifa lenyewe. Duru ya pili ilipoondolewa, kazi ya kuchuja haikuondoka. Iliangukia mikononi mwa viongozi wa vyama.

Novemba 11, 2018, viongozi saba wa upinzani walikutana Geneva: Félix Tshisekedi, Kamerhe, Martin Fayulu, Bemba, Moïse Katumbi, Adolphe Muzito na Freddy Matungulu. Walipiga kura ya siri na kumpata Fayulu, na muungano wao ukaitwa Lamuka, neno la Kilingala ambalo Mswahili analisikia bila mkalimani: amka. Kesho yake Tshisekedi na Kamerhe waliondoa sahihi zao, baada ya wafuasi wao kukataa, na wale wa UDPS, chama cha Tshisekedi, wakijaa makao ya chama huko Limete, Kinshasa. Novemba 23 wawili hao wakaungana Nairobi. Kwa matokeo yaliyotangazwa na tume ya uchaguzi, CENI, Tshisekedi alipata asilimia 38.6 na Fayulu 34.8.

Wengi wamelieleza jambo la Geneva kama usaliti wa watu wawili. Mimi naona zaidi kasoro ya utaratibu. Watu saba walichuja kwa jina la mamilioni ambao hawakuulizwa, halafu mamilioni hao wakatarajiwa watii. Mwaka 2023 haikuwa bora: wajumbe wa wapinzani walikutana Pretoria mwezi Novemba, wasipate jina moja, na waliojiondoa kumwachia Katumbi, kama Matata Ponyo na Seth Kikuni, walifanya hivyo kila mtu kwa uamuzi wake. Hakuna mwanachama aliyepiga kura.

Kwa hiyo pendekezo langu la istilahi ni hili. Tuchukue mchujo, kwa sababu ni fupi na linaeleza kazi, lakini tusiliache peke yake: kila mara liandikwe pamoja na mwenye chujio. Mchujo wa wanachama. Mchujo wa wajumbe. Mchujo wa viongozi, na huo ndio wa Geneva. Mchujo wa wazi ni ule ambao hata asiye na kadi ya chama anashiriki, kama walivyofanya Wasoshalisti wa Ufaransa mwaka 2011 walipompata François Hollande: mpiga kura alitoa euro moja na kutia sahihi kwamba anakubali misingi ya mrengo wa kushoto. Uteuzi ubaki kwa mtu mmoja anayeamua. Chama kitakachoandika katika sheria zake za ndani kwamba kandida wa urais atapatikana kwa mchujo wa wanachama hakitaweza tena kuwaita watu mia ukumbini na kusema wanachama wamenena.

Wanaopinga husema kwamba mchujo wa wanachama hauwezekani kwetu: hakuna daftari, hakuna barabara, kuna vita. Hoja ya daftari ni ya kweli, maana bila orodha ya wanachama yeyote mwenye magari ataleta watu wake siku ya kura. Dawa yake ipo: kadi ya mpiga kura imekuwa kwa miaka mingi kitambulisho cha Mkongo, na namba yake inatosha kumwandikisha mwanachama mara moja bila kurudiwa. Hoja ya vita ni nzito zaidi. Desemba 2023 Walikale walipiga kura. Jirani zao wa Masisi hawakupiga, kwa sababu uandikishaji wenyewe ulishindikana. Mwanachama wa Masisi aliyekimbilia Walikale au Minova atachuja kama mtu wa wapi? Nasema aandikwe na apige kura pale anapolala sasa, na kura yake ihesabiwe kwa territoire yake ya asili. Chama hakihitaji kuingoja CENI wala amani ili kukubaliana juu ya hilo. Kinahitaji mkutano mmoja wa kubadilisha sheria zake za ndani, na uchaguzi wa 2028 si mbali.