Herufi za Msasa: Chimbuko la Elimu Inayomweka Mtoto Katikati

Utangulizi

Katika semina za walimu siku hizi tunasikia mara kwa mara wito wa kumweka mtoto katikati ya ufundishaji. Wito huo ni mwema, ila mara nyingi hutolewa bila kuelezwa ulianzia wapi. Aidha, katika miji yetu jina la Montessori huonekana kwenye vibao vya shule za chekechea zinazofundisha kwa Kiingereza na kutoza karo ambayo mzazi wa kawaida haiwezi. Katika makala haya tunakusudia kurejea historia ya jina hilo, kwani lina jambo la kutuambia sisi walimu wa Kiswahili.

Daktari na watoto waliosahauliwa

Maria Montessori alizaliwa mwaka 1870 huko Chiaravalle, Italia, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896. Kazi yake ya mwanzo ilimkutanisha na watoto wenye ulemavu wa akili waliofungiwa pamoja na wagonjwa wazima. Alisoma maandishi ya madaktari wawili wa Kifaransa, Itard na Séguin, kisha akatengeneza vifaa vya kushikwa na kupapaswa. Baadhi ya watoto hao walijifunza kusoma na kuandika, wakafaulu mitihani sawa na wenzao wa shule za kawaida. Wakati watu wakimsifu, yeye alijiuliza ni kitu gani kilichokuwa kinawarudisha nyuma wale wenye afya.

San Lorenzo, 1907

Jibu alilitafuta katika San Lorenzo, mtaa wa mafukara mjini Roma. Kampuni iliyokarabati majengo ya huko ilikuwa na tatizo: wazazi walikwenda kazini, na watoto waliobaki bila mwangalizi waliharibu kuta na ngazi. Montessori akaombwa awakusanye. Tarehe 6 Januari 1907 ilifunguliwa Nyumba ya Watoto, ikiwa na watoto wapatao hamsini, wengi wao wa kati ya miaka 3 na 6.

Mwalimu wao wa kwanza hakuwa amesomea ualimu. Montessori alimtaka asiwaingilie watoto bali awachunguze. Yaliyoonekana yalishangaza. Mtoto mmoja wa kike alirudia zoezi la kupachika vipande vya mbao katika matundu yake zaidi ya mara 40, huku wenzake wakiimba na kucheza kumzunguka. Ilipobainika kwamba watoto wanaweza kujichagulia vifaa na kuvirudisha mahali pake, kabati lililokuwa likifungwa kwa ufunguo liliachwa, zikawekwa kabati fupi wanazozifikia wenyewe. Hivyo basi, falsafa hii ilitokana na kumtazama mtoto kabla ya kumwamulia.

Herufi za msasa

Montessori hakukusudia kuwafundisha watoto wadogo kiasi hicho kuandika. Walioomba ni akina mama wa mtaa, ambao wengi wao hawakujua kusoma. Ndipo akakata herufi za karatasi ya msasa na kuzibandika kwenye kadi. Mtoto alipitisha kidole juu ya herufi huku akitamka sauti yake, si jina lake. Mnamo Desemba 1907, wakiwa juu ya paa, Montessori alimpa mvulana wa miaka mitano chaki achore bomba la moshi. Alipomaliza kuchora, mtoto akapiga kelele kwamba anajua kuandika, akaandika sakafuni neno la Kiitaliano lenye maana ya mkono, kisha bomba la moshi, kisha paa.

Tuzingatie kwamba Kiitaliano huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Mtoto aliyejua sauti alikuwa na ufunguo wa kila neno alilolisema. Kiingereza hakimpi mwanafunzi wepesi huo, Kiswahili kinampa.

Kusambaa na kupingwa

Kitabu chake kilitoka mwaka 1909 na kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1912. Mmarekani William Heard Kilpatrick alimkosoa mwaka 1914, akisema vifaa hivyo vinabana ubunifu wa mtoto. Serikali ya Mussolini ilimkumbatia kwanza, lakini baadaye wakakosana, naye akaondoka Italia mwaka 1934. Kati ya mwaka 1939 na 1946 alikuwa India akifundisha walimu. Alifariki Uholanzi mwaka 1952.

Hitimisho

Nchini Uganda, baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022. Watoto wengi watakutana nacho kama lugha ya pili, na hapo herufi peke yake haitoshi. Katika Kiganda, l na r hubadilishana kufuatana na irabu iliyotangulia, kwa hiyo mtoto anaweza kutamka mahari kama mahali, na kura kama kula. Vilevile sauti za th, dh na gh ni ngeni kwake. Mwalimu anayemtazama mtoto ataanza na sikio, ndipo aje kwenye kidole na chaki.

Kadi za msasa hazihitaji karo kubwa. Seremala yeyote ana mabaki ya msasa, na mkasi na gundi vinapatikana dukani. Falsafa hii ilizaliwa kwa watoto wa maskini, kwa lugha iliyokuwa vinywani mwao. Tukiiacha iwe mali ya wenye uwezo na ya lugha moja ya kigeni, tutakuwa tumechukua jina na kuacha kazi.