Kadinali Kambanda wa Rwanda: maisha na nembo yake

Antoine Kambanda, Askofu Mkuu wa Kigali na Mnyarwanda wa kwanza kupewa ukadinali, alizaliwa tarehe 10 Novemba 1958 katika eneo ambalo leo liko chini ya jimbo kuu analoliongoza. Utoto wake, hata hivyo, aliupitisha ugenini. Shule ya msingi aliisomea Burundi na Uganda, sekondari Kenya, na ni mwaka 1983 tu alipoingia seminari ndogo ya Rutongo nchini mwake, kisha Seminari Kuu ya Nyakibanda. Papa Yohane Paulo wa Pili alimpa upadre tarehe 8 Septemba 1990, alipoizuru Rwanda. Wiki tatu baadaye vita vilianza.

Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yalimkuta Roma, akisomea teolojia ya maadili. Wazazi wake na karibu ndugu zake wote waliuawa. Alikamilisha shahada ya uzamivu na kurejea mwaka 1999, akakabidhiwa uongozi wa Caritas ya Kigali pamoja na tume ya haki na amani ya jimbo. Kuanzia mwaka 2006 alikuwa gombera wa seminari ileile ya Nyakibanda iliyomlea.

Tarehe 7 Mei 2013 Papa Francis alimteua kuwa Askofu wa Kibungo, jimbo la mashariki linalopakana na Tanzania. Kwa desturi, askofu mpya huchagua nembo na kaulimbiu. Kambanda alichagua maneno matatu ya Kilatini, Ut vitam habeant, yaani "ili wawe na uzima", kutoka sura ya 10 ya Injili ya Yohane, pale Yesu anapojilinganisha na mchungaji. Kwingineko maneno hayo yangeweza kupita kama kaulimbiu ya kawaida ya kichungaji. Lakini ndani ya jimbo la Kibungo imo parokia ya Nyarubuye, ambako maelfu ya watu waliokimbilia kanisani mwezi Aprili 1994 waliuawa humo humo.

Kinachozunguka ngao hakimtegemei askofu mwenyewe, bali cheo chake. Juu ya ngao huchorwa kofia pana, na pande zote mbili huning'inia vishada. Askofu wa jimbo ana kofia ya kijani na vishada sita kila upande. Askofu mkuu ana kumi, na msalaba ulio nyuma ya ngao huwa na mikono miwili ya kukingama badala ya mmoja. Kofia yenyewe haivaliwi tena tangu mwaka 1969, Papa Paulo wa Sita alipoiondoa katika mavazi ya kanisa na pia kuondoa mitra na fimbo ya kichungaji katika nembo za maaskofu. Imebaki kwenye michoro tu.

Kambanda aliipata haki ya vishada kumi tarehe 19 Novemba 2018, alipoteuliwa kwenda Kigali kumrithi Thaddée Ntihinyurwa. Kiti hicho kina historia nzito. Askofu mkuu wa kwanza wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, aliwahi kuwa mjumbe wa kamati kuu ya chama tawala cha MRND. Aliuawa mwezi Juni 1994 huko Gakurazo pamoja na maaskofu wengine wawili, mikononi mwa wanajeshi wa RPF. Mwezi Novemba 2016 maaskofu wa Rwanda, Kambanda akiwa miongoni mwao, waliomba radhi kwa niaba ya waumini wao walioshiriki mauaji ya kimbari.

Tarehe 28 Novemba 2020 Papa Francis alimfanya kadinali, katika ibada iliyobanwa na masharti ya janga la korona. Kwa kadinali kofia ya nembo hugeuka nyekundu na vishada kufikia kumi na vitano kila upande. Wekundu huo, kwa maelezo ya Kanisa, ni ishara ya utayari wa kuitetea imani hata kwa kumwaga damu. Kaulimbiu yake ilibaki ileile ya Kibungo.

Kambanda alishiriki mkutano wa makadinali wa Mei 2025 uliomchagua Papa Leo wa 14, na kwa kanuni za sasa ana haki ya kupiga kura hadi atakapotimiza umri wa miaka 80, mwezi Novemba 2038.