Kaseti Tano na Tundu Moja

Mjomba wangu alikuwa mpiga video wa harusi. Kati ya 2003 na 2010 hivi, kama ulifunga ndoa Njoro, Molo au Elburgon, huenda ni yeye aliyekuwa akitembea kinyumenyume mbele ya bibi harusi, kamera mkononi, akiwaambia watoto watoke kwa njia. Mwaka jana aliniachia boksi la viatu. Ndani mlikuwa na kamera ya Sony na kaseti tano za MiniDV, kila moja kubwa kidogo tu kuliko kiberiti. Moja imeandikwa kwa kalamu: "Ruracio, Njoro, Des 2005."

Mama yangu yuko kwa hiyo kaseti. Alifariki 2009, nikiwa darasa la tano. Picha zake ninazo. Sauti yake sina.

Kamera iliwaka, lakini kioo chake kilikuwa kimekufa. Nikaipeleka mjini, Kenyatta Avenue, duka baada ya duka. Kila mtu aliigeuza, akachungulia tundu dogo la ubavuni, akanirudishia. Wa nne ndiye aliyelitambua.

"Siz, hii ni FireWire. Waya unaweza pata. Lakini utachomeka wapi? Hakuna laptop siku hizi iko na hii tundu."

Akaongeza kwamba kaseti za umri huo zisichezwe ovyo, maana utepe ukikatika au ukiumwa na mashine, basi. Nipate njia nzuri, niifanye mara moja.

Nilirudi nyumbani na swali. Mbona kitu kilichotengenezwa vizuri hivi kimekosa mahali pa kuingia?

Ukiwa na miaka zaidi ya thelathini, unakumbuka mgongo wa kompyuta ya saiba. Kulikuwa na tundu la duara la zambarau kwa kibodi na la kijani kwa mausi, umbo lililoletwa na IBM mwaka 1987. Kulikuwa na tundu refu la pini 25 kwa printa, lenye skrubu mbili za kukaza. Kila kifaa na mlango wake. Ukichomoa mausi ya duara kompyuta ikiwa inawaka, mara nyingi haikurudi mpaka uzime na kuwasha upya, na siku mbaya ungeunguza ubao. Ndiyo maana mwenye saiba alikuwa mkali hivyo.

Katikati ya miaka ya 1990 majibu mawili yalitokea karibu wakati mmoja. FireWire, iliyoasisiwa Apple, ilipitishwa kuwa kiwango rasmi mwaka 1995. USB ilitoka Januari 1996, ikiungwa mkono na kampuni saba, Intel na Microsoft zikiwemo.

Kwa karatasi, haukuwa mchezo wa haki. USB ya kwanza ilipitisha megabiti 12 kwa sekunde, FireWire 400. Kaseti ya MiniDV hutoa takriban megabiti 25 kila sekunde kwa picha pekee, saa moja ikijaza karibu gigabaiti 13. USB ya wakati huo isingeweza kuibeba, ndiyo maana watengenezaji wa kamera walichagua FireWire. Sony waliiita i.LINK.

Hata tabia zao zilitofautiana. USB ni kama darasa la shule zetu: kompyuta ndiyo mwalimu, na hakuna kifaa kinachofungua mdomo kabla ya kuulizwa. FireWire ni baraza la wazee. Kamera inaweza kuongea na diski au kamera nyingine moja kwa moja, bila kompyuta katikati.

Lakini baraza la wazee ni ghali kuliandaa. FireWire ilihitaji chipu zenye akili kila upande, na wenye hataza walitaka malipo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Apple ilitaka dola moja kwa kila tundu. Baadaye ada ikashushwa hadi senti 25 kwa kifaa kizima, lakini wenye viwanda walikuwa washashtuka. Dola moja ni nini? Kwako hapo, si kitu. Kwa anayetengeneza kompyuta milioni kumi zenye matundu mawili mawili, ni dola milioni ishirini. USB haikuwa na ada kwa kila tundu. Hata ile kero ya kugeuza flashi mara tatu ndipo iingie ilitokana na bei: kiungo kinachoingia pande zote kingehitaji waya zaidi, na wabunifu wake walitaka kipachikwe hata kwenye mausi ya bei ya chini kabisa.

Mwaka 1998 iMac ya Apple yenyewe iliacha matundu ya zamani na kuja na USB. Mwaka 2000 ikatoka USB 2.0 ya megabiti 480, na sababu ya mtu wa kawaida kutafuta FireWire ikapungua. Kwenye kazi ndefu ya video FireWire bado ilikuwa tulivu zaidi, lakini hilo lilimhusu mtu kama mjomba, si watengenezaji. Kompyuta za mitumba zilizofika Nakuru zilikuwa za maofisi ya Ulaya, na ofisi haikuwahi kuhitaji kuhariri harusi.

Mtu wa Nakuru hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Mji wenyewe ulizaliwa na kiwango. Reli ilipofika hapa mwaka 1900 ilikuwa na upana wa mita moja, sababu kubwa ikiwa ni kwamba injini, vifaa na wafanyakazi vilitoka India, ambako reli ya upana huo ilikuwapo tayari. Baadaye Nakuru ikawa makutano, njia moja ikielekea Kisumu, nyingine Eldoret na Uganda.

Kisha ikaja SGR, upana wa milimita 1,435. Ilifungua Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017 na kufika Suswa mwaka 2019. Hapo ikakutana na tatizo la kamera yangu. Behewa la SGR haliwezi kupanda reli ya zamani, kwa hiyo katika bandari kavu ya Naivasha kontena linalokwenda Uganda kwa treni lazima linyanyuliwe na kuwekwa kwenye behewa lingine. Ile ni adapta, ila adapta ya winchi na zege. Na njia iliyopangwa kuendelea hadi Kisumu inapita Narok na Bomet. Nakuru haimo.

Sisemi reli ya mita ilikuwa bora. Ilikuwa nyembamba na ya polepole. Ninachosema ni kwamba kiwango kikibadilishwa, anayekibadilisha halipi gharama yote. Sehemu inabaki pale viwango viwili vinapokutana, kwa anayepakua na kupakia upya, na kwa mji uliojengwa kando ya tundu la zamani. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulazimisha simu mpya zitumie USB-C, iliyoanza kufanya kazi Desemba 28, 2024, ni nzuri. Siku hizi chaja moja inazunguka nyumba nzima. Lakini droo ya chaja za zamani bado iko kwetu, na hakuna sheria iliyoandikiwa droo.

Nilipata tundu langu kwa fundi mmoja karibu na soko la Wakulima. Chini ya meza yake mlikuwa na kompyuta ya mezani yenye kadi ya FireWire, ambayo hakuitupa kwa sababu, kwa maneno yake, "sijui kutupa vitu."

Kaseti ya MiniDV haina njia ya mkato. Ya saa moja husomwa kwa saa moja. Tulikaa kwa stuli, yeye akiendelea kubandua kioo cha simu ya mteja. Kaseti mbili zilikuwa na ukungu na hazikutoa kitu. Ya tatu na ya nne zilikuwa harusi za watu nisiowajua. Ya tano ilianza na mbuzi, vumbi, na mjomba akikohoa nyuma ya kamera.

Dakika ya ishirini na tatu mama anapita na sufuria. Hamtazami mtu. Anasema, "Kwani mwiko mkubwa umewekwa wapi?" na anatoka kwa picha.

Fundi aliacha simu mezani. "Nirudishe nyuma?"

Nilimwambia aache ukanda uende hadi mwisho kwanza.