SULTANI ALIYEVUKA JANGWA KWA GARI



Ndugu wasomaji, wanafunzi wetu hapa Kabuga wamezoea vilima na mvua. Tukifika somo la tayammum huuliza: ni nchi gani hiyo mtu akose maji ya udhu? Tuwatajie moja. Katika Oman, kati ya Salala na Nizwa, kuna uwanda wa changarawe uitwao Jiddat al-Harasis. Hauna mto. Mabedui wa Harasis waliishi humo kwa maziwa ya ngamia na mbuzi, na mifugo yao ilipata unyevu wa ukungu utokao Bahari ya Hindi.

Tangu mkataba wa Sib wa mwaka 1920, Sultani alishika pwani na Imam akawaongoza watu wa bara, makao yake Nizwa. Kisha wakaja watu wa kampuni ya mafuta, wakataka kuchimba Fahud, huko huko bara. Desemba 1955 askari wa Sultani wakaingia Nizwa, na Imam Ghalib bin Ali akaondoka.

Sultani Said bin Taimur, wa kizazi cha yule Sayyid Said aliyehamia Unguja, alikuwa Salala. Hakupanda meli kwenda Maskati. Alipanda gari, na msafara wake ukakata jangwa pasipo barabara, mamia ya kilomita, ukapitia kambi ya Fahud hadi Nizwa. Mwandishi wa gazeti la The Times la London, James Morris, alikuwamo, na mwaka 1957 akatoa kitabu juu ya safari hiyo.

Wazungu wameisifu sana safari yenyewe. Sisi kinachotushangaza zaidi ni yaliyofuata. Vita vilizuka bara mwaka 1957, vikaisha 1959. Naye Sultani alirudi Salala mwaka 1958, asiione tena Maskati mpaka mwanawe Qaboos alipomwondoa Julai 1970. Mtu huyu aliyevuka jangwa kwa gari ndiye ambaye raia wake walihitaji ruhusa yake kuingiza gari nchini! Mwaka 1970 Oman ilikuwa na lami ya kilomita 10 hivi, na shule tatu tu za kisasa.

Qaboos alipowaita Waomani walioko nje warudi kujenga nchi, wengi walitoka Unguja na Afrika Mashariki. Walikuwa wamesoma, wakaingia maofisini, na lugha waliyozungumza majumbani mwao Maskati ilikuwa Kiswahili.

Wallahu aalam.