UZI: Sheria ilimwona mama kabla kliniki haijamwona

1/ Kila msimu wa kampeni tunaahidiwa wodi mpya za uzazi na kujifungua bure. Sawa. Lakini akili ya mama mjamzito inaangaliwa na nani? Mimi nasoma sayansi ya siasa, si udaktari, kwa hivyo nitafuata historia ya sheria na pesa. Twende.

2/ 1910 serikali ya kikoloni ilifungua hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi, pahali walipokuwa wakitengwa wagonjwa wa ndui. Ndiyo Mathari ya leo. Wazo lilikuwa wazi: ugonjwa wa akili unafungiwa mbali. Kliniki ya wajawazito huku, Mathari kule.

3/ Sasa fungua Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 210. Mama akimuua mtoto wake wa chini ya miezi 12, na akili yake ilikuwa imevurugika kwa sababu hajapona athari za kuzaa au kunyonyesha, anaadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Maneno yake yanafanana sana na sheria ya Uingereza ya 1938.

4/ Soma tena polepole. Dola inakubali kwamba uzazi unaweza kuvuruga akili, lakini inakubali kortini, mtoto akiwa ameshakufa. Na ile miezi tisa ya mimba haimo kabisa.

5/ Kuna wale watasema "hayo ni mambo ya wazungu." Hapo jirani Uganda, Waganda walikuwa na jina zamani: amakiro, ugonjwa unaompata mama aliyezaa. Daktari Mwingereza, John Cox, alifanya kazi huko miaka ya 1970. Utafiti wake kuhusu mimba na afya ya akili, wa wanawake 263, ulichapishwa 1979.

6/ 1987 Cox na wenzake wakatoa kipimo cha Edinburgh: maswali 10 kuhusu vile mama amejisikia siku 7 zilizopita. Hakihitaji mashine, ni karatasi na dakika chache tu. Kilianza na waliojifungua, siku hizi kinatumika hata kwa wajawazito.

7/ Rudi Kenya, 2013. Kujifungua kukawa bure hospitali za umma. Serikali ikalipa kwa kila uzazi: 2,500 kwa kituo cha afya, 5,000 kwa hospitali. Ilisaidia wengi, tusikatae. Lakini kilicholipiwa ndicho kilichohesabiwa. Mama wa miezi sita ambaye halali, hali, analia tu, hakuwa kwa hesabu.

8/ Na angefunguka vipi? Kifungu cha 226 kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mjamzito aliyeokolewa alikuwa mshukiwa kabla ya kuwa mgonjwa. Ni Januari 2025 tu ndipo Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba.

9/ "Ni mimba tu, itapita." Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu wajawazito 16 kwa kila 100 wana tatizo la afya ya akili, hasa sonona.

10/ Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Kwa hivyo mgombea wa kaunti yako akitaja wodi, muulize: Nesi wa kliniki amefunzwa kuuliza hayo maswali 10? Na mama akisema ndiyo, nimefikiria kujidhuru, anapelekwa wapi siku hiyo hiyo?