Mtoto akiugua akili, analazwa wapi? (Sehemu ya 3)



Sehemu ya pili niliishia kwenye degedege na kifafa. Wengi mmenitumia meseji na swali moja: mtoto akichanganyikiwa kweli, mpaka akahitaji kulazwa, analazwa wapi? Jibu lina historia ndefu, na historia yenyewe inaanza na watoto.

Kule milima ya Usambara, upande wa Korogwe, kuna mahali panaitwa Lutindi. Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walifungua pale makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Hebu fikiria mtoto aliyetembezwa miguu kwenda kuuzwa, hajui tena kwao ni wapi. Leo tungesema huyu anahitaji msaada wa akili kabla hata ya uji. Baadaye watoto wa namna hiyo wakapungua, na mwaka 1904 nyumba zile zikageuzwa kuwa za wagonjwa wa akili. Ndiyo hospitali ya kwanza ya akili nchini kwetu, na hadi leo ipo. Yaani watoto walitoka, watu wazima wakaingia. Mimi naona kitanda cha akili kimebaki cha mtu mzima tangu siku ile.

Waingereza nao wakajenga Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Mgonjwa wa kisiwani kwetu ilibidi avuke bahari, kisha apande reli ya kati. Nani angempeleka mtoto huko? Ndiyo maana sipendi wenzangu wanapowacheka wazee wetu kwa kombe na ngoma za kupunga pepo. Mganga alikuwa jirani, na mama alikaa na mwanawe mwanzo hadi mwisho. Hilo la pili hospitali zilichelewa sana kulijua.

Baada ya Uhuru mambo yalianza kubadilika. Wodi za akili zikafunguliwa kwenye hospitali za mikoa, vikaanzishwa vijiji ambako wagonjwa waliopata nafuu walilima na kufuga. Miaka ya 1980 ikajaribiwa Morogoro na Kilimanjaro kuwafundisha wahudumu wa vituo vya kawaida kutibu magonjwa ya akili na kifafa. Mimi nesi wa stashahada kujua dawa hizi ni matunda ya wakati ule. Ikaja Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, halafu Sheria ya Mtoto ya 2009 inayosema mtoto ni yeyote chini ya miaka 18.

Lakini vitanda havisomi sheria. Nilipokuwa mafunzoni bara, hospitali siitaji, aliletwa binti wa kidato cha pili. Siku tatu hajalala, anaongea na watu tusiowaona. Wodi ya watoto wakasema huyu mkubwa. Tukampeleka wodi ya akili ya wanawake, kati ya kinamama wa umri wa mama yake, mmoja anavua nguo kila saa. Mama mtu akaambiwa arudi saa ya kuona wagonjwa. Usiku kucha binti aliita "mama". Dawa zilimtuliza, ila asubuhi akaniuliza, "Nesi, nimefanya kosa gani?" Sikuwa na jibu. Nikampima presha.

Na huyo si mtoto wa ajabu. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanasema theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya miaka 14, na nusu kabla ya 18. Wenzetu Uganda, hospitali ya Butabika pale Kampala iliyofunguliwa 1955, sasa wana wodi ya watoto na vijana. Nawapongeza. Ila mkiniuliza mimi, kwa watu wa visiwani sianzi na jengo kubwa la mbali. Naanza na vitanda viwili ndani ya wodi ya watoto ya kila hospitali ya wilaya, mama alale hapo hapo kama anavyolala mtoto akiwa na malaria, nesi awe amefundishwa, na daktari bingwa apatikane kwenye simu. Wapo watakaohitaji Muhimbili au Mirembe, sikatai. Treni ya umeme inafika Dodoma tangu 2024. Lakini kabla ya treni kuna Kilindoni hadi Nyamisati, na kusi likivuma mnajua wenyewe habari ya boti.

Nipo zamu za usiku wiki hii, sehemu ya nne nitaiweka Ijumaa: dalili za mwanzo kwa mtoto wa shule. Ila kama mwanao ana siku mbili hajalala na maneno hayaeleweki, au amesema anataka kufa, usiisubiri Ijumaa. Mlete leo, na wewe uje na khanga ya kulalia.